Sura ya Tano: Mshono kati ya Mashine Mbili

Kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, yaani zile mashine ndogo ambazo kibodi na saketi zake zote vilikaa katika kasha moja na ambazo zilitumia televisheni ya sebuleni kuwa skrini, hazikupata nafasi ya kuzoeleka Tanzania Bara, na sababu zake zinaeleweka. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya jaribio la kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta kuleta hasara na vurugu, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake isipokuwa kwa kibali maalumu, na katazo hilo, ingawa lililegezwa kidogo kidogo, liliacha kivuli chake hadi uchumi ulipofunguliwa. Televisheni nayo ilichelewa. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo, na ni mwaka huohuo, mwezi Aprili, ambapo kampuni ya Commodore, iliyotengeneza mashine za Commodore 64 na Amiga, ilifilisika. Skrini ilifika wakati kiwanda cha mashine ya kuchomekwa humo kinafungwa.

Historia hiyo inabadilisha kazi ya programu inayozungumziwa katika sura hii. Mtu wa Birmingham au Hamburg anapoendesha Commodore 64 ndani ya kompyuta yake ya leo, aghalabu anarejea utotoni. Mwanafunzi wa Singida anayefanya vivyo hivyo hana utoto wa kurejea, kwa hiyo anaikuta mashine ile ikiwa mpya kwake, na maswali anayoiuliza ni ya mtu anayetaka kujua kitu kinafanyaje kazi. Maelekezo mengi yaliyopo yaliandikwa kwa ajili ya yule wa kwanza. Yanachukulia kwamba nyumba ina ruta ukutani, waya wa mtandao sakafuni na intaneti isiyopimwa, na msomaji anayeyafuata neno kwa neno akiwa Mandewa, Kiomboi au Itigi atakwama mahali ambapo mwandishi wake hakuwahi kupafikiria.

Programu inayojifanya kuwa mashine nyingine huitwa emuleta. Husoma kila agizo ambalo prosesa ya zamani ingelisoma, hufanya kile ambacho prosesa ile ingelifanya, na huigiza vilevile chipu za sauti, za picha na za muda, hivi kwamba programu iliyoandikwa mwaka 1984 haina njia rahisi ya kutambua kuwa imehamishwa. Mashine halisi inayobeba emuleta itaitwa hapa mwenyeji, na mashine inayoigizwa itaitwa mgeni. Emuleta mbili zitatosha kwa mifano yote: VICE, inayoigiza Commodore 64 ya mwaka 1982 yenye kilobaiti 64 za kumbukumbu na prosesa ya takribani megahezi 1, na FS-UAE, inayoigiza Amiga na ambayo imejengwa juu ya UAE, kazi iliyoanzishwa na Bernd Schmidt mwaka 1995.

Karibu kila kitu cha mgeni huweza kufungiwa ndani ya mwenyeji. Diski huwa faili, televisheni huwa dirisha, na kijiti cha kuchezea michezo huwa vitufe vitano vya kibodi. Mtandao haukubali kufungiwa hivyo, kwa sababu thamani yake yote iko nje ya chumba: pakiti, yaani kifungu cha data chenye anwani ya kitokako na kiendako, lazima hatimaye itoke kwenye mashine ya kweli na kupita kwenye mnara wa kweli. Kwa hiyo kuna mahali ambapo maigizo yanakoma na ukweli unaanza, na mahali hapo pataitwa mshono. Uamuzi unaobeba mengine yote ni huo wa kupachagua. Mshono unaweza kuwekwa kwenye waya wa modemu, au kwenye kadi ya mtandao, au juu zaidi, pale programu ya mgeni inapoomba mfumo uifungulie mawasiliano.

Hali ya Singida ina uzito katika uchaguzi huo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ni nyaya za nuru zilizolazwa kuiunganisha mikoa na kebo za baharini zinazofika Dar es Salaam, unapita mkoani humo, lakini mtu binafsi hufikia intaneti kwa simu. Kompyuta mpakato hupata mtandao kupitia hotspoti ya simu hiyo, na simu nayo imekaa nyuma ya mitambo ya kampuni ya simu, ambayo hugawa anwani moja ya hadharani kwa wateja wengi. Kuna milango miwili ya kutafsiri anwani kabla pakiti haijafika duniani. Tena data hununuliwa kwa kifurushi, au bando kama kinavyoitwa mitaani, na kila megabaiti ina bei yake.

Mshono wa chini kabisa, ule wa waya wa modemu, ndio wenye historia ya karibu nasi. Modemu ni kifaa kilichogeuza biti za kompyuta kuwa sauti inayoweza kupita katika laini ya simu na kuzigeuza tena upande wa pili. Kampuni ya Hayes iliuza mwaka 1981 modemu iliyopokea amri kwa maandishi, zikianza na herufi AT, na lugha hiyo ya amri ikawa ya karibu modemu zote. Barua pepe iliingia Afrika Mashariki kwa njia hii kabla ya intaneti kamili. Mapema miaka ya 1990 mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Zambia na Zimbabwe, na mtandao wa HealthNet ukawahudumia watu wa afya, Tanzania ikiwemo; yote miwili ilitegemea sana taratibu za FidoNet, ambazo Tom Jennings alizibuni Marekani mwaka 1984 na ambamo kompyuta hupigiana simu kwa zamu, kwa kawaida usiku, na kupokezana mafurushi ya barua. Laini zilikuwa za Shirika la Posta na Simu, lililogawanywa mwaka 1994 na kuzaa TTCL, na simu ya masafa marefu ilitozwa kwa dakika, jambo lililowafanya watumiaji waandike barua kwanza, wazipange, kisha wapige mara moja. Anayeigiza modemu leo anajifunza mtindo huohuo wa kazi.

Kwa kuwa hakuna tena laini ya kupiga, kinahitajika kitu cha kujifanya modemu upande wa mwenyeji. Kazi hiyo hufanywa na programu ndogo iitwayo tcpser, iliyoandikwa na Jim Brain, ambayo hupokea amri za AT kutoka kwa mgeni na, badala ya kupiga namba ya simu, hufungua muunganisho wa intaneti. Amri ya kuianzisha ni fupi: tcpser -v 25232 -s 2400 -p 6400. Namba ya kwanza ni poti, yaani namba ya mlango ndani ya mashine, ambapo emuleta itaikuta tcpser. Ya pili ni mwendo wa modemu kwa biti kwa sekunde. Ya tatu ni poti ambayo wageni wa nje wataigonga wakitaka kupiga simu kuja. Upande wa VICE, kwenye mipangilio ya vifaa vya pembeni, kifaa cha poti ya mtumiaji huwekwa kuwa modemu ya RS232, yaani ya kiwango kile cha zamani cha waya unaopitisha biti moja baada ya nyingine, mwendo ukawekwa 2400, na anwani ikaandikwa 127.0.0.1:25232. Anwani ya 127.0.0.1 huwa na maana ya mashine yenyewe, kwa hiyo hadi hapo hakuna hata baiti moja iliyotoka nje ya chumba. VICE ina kisanduku cha kuwasha utaratibu uitwao IP232, ambao hubeba pamoja na data zile ishara za umeme zilizokuwa zikisema kwamba modemu imeshika laini au imekata; chaguo la -v huutarajia, na usipowashwa mgeni hatajua kwamba mwenzake amekwisha kuondoka.

Linalofuata hufanyika ndani ya mgeni. Programu ya terminali, ambayo kazi yake ni kuonyesha kinachoingia na kutuma kinachopigwa, huanzishwa kutoka kwenye faili ya diski. CCGMS ni mojawapo ya zile zilizotumika sana enzi zake na ambayo ingali inatumika. Huandikwa AT, na modemu ikijibu OK njia ya ndani ni nzima. Kisha huandikwa ATDT ikifuatwa na jina la seva na namba ya poti, na baada ya kitambo maneno CONNECT 2400 hutokea. Kikionekana kitu cha ajabu, yaani herufi kubwa mahali pa ndogo na ndogo mahali pa kubwa, hakuna kilichoharibika: Commodore ilikuwa na mpangilio wake wa herufi, PETSCII, ambao haulingani na ule wa ASCII uliotumiwa na karibu kila mtu mwingine, na programu ya terminali ina kitufe cha kubadilisha kati ya mipangilio hiyo miwili.

Mwendo huo unastahili kupigiwa hesabu, maana ndipo bando linapoingia. Biti 2400 kwa sekunde, kila herufi ikichukua biti 10 pamoja na zile za kuanzia na kumalizia, ni herufi 240 kwa sekunde. Skrini ya Commodore 64 ina safu 25 za herufi 40, jumla 1000, kwa hiyo hujaa kwa sekunde 4 hivi. Saa nzima ya kupokea bila kupumzika ni baiti 864,000, ambayo haifiki megabaiti moja. Mtandao wa leo huongeza gharama yake juu ya hapo, kwani kila pakiti hubeba angalau baiti 40 za anwani na hesabu, na mtu anayepiga herufi mojamoja hutuma baiti 41 ili kufikisha baiti 1. Lakini hata kwa ubadhirifu huo mgeni si mlaji. Mlaji ni mwenyeji. Mfumo wa Windows ukiachiwa hotspoti huweza kuanza kujipakulia masasisho kimyakimya na kumaliza kifurushi cha siku kabla terminali haijafunguka, kwa hiyo hatua ya kwanza ya mtu mwenye busara ni kuuambia mfumo kwamba muunganisho huo unapimwa.

Kasi ya laini haiamui kila kitu, na hapa umbali wa Singida na seva nyingi zinazopokea simu za namna hii, ambazo ziko Marekani na Ulaya, hujitokeza kwa namna ambayo maandishi ya Ulaya hayaitaji. Itifaki, yaani kanuni za mazungumzo kati ya mashine, iliyotumiwa sana kupakua faili ilikuwa Xmodem ya Ward Christensen, ya mwaka 1977, ambayo hukata faili katika vipande vya baiti 128, huongeza baiti 4 za utambulisho na ukaguzi, hutuma kipande kimoja, kisha hukaa kusubiri jibu kwamba kimefika salama. Kwa modemu mbili za mji mmoja jibu lilirudi papo hapo. Ikichukuliwa kwamba safari ya kwenda Marekani na kurudi ni sekunde 0.3, kipande cha baiti 132 huchukua sekunde 0.55 kupita kwa mwendo wa 2400, kisha sekunde 0.3 za kungoja, na mwendo halisi hushuka kutoka herufi 240 hadi 150 hivi kwa sekunde. Anayeudhika na hali hiyo huenda akaigiza katriji ya SwiftLink, ambayo ni kadi ya kuchomeka nyuma ya Commodore 64 iliyoiwezesha kufikia biti 38,400 kwa sekunde, akitarajia faili ije mara 16 haraka zaidi. Atapata herufi kama 380 kwa sekunde, yaani mara mbili na nusu tu, kwa sababu kipande sasa hupita kwa sekunde 0.034 ilhali kungoja kumebaki palepale. Dawa ni kubadilisha itifaki. Zmodem ya Chuck Forsberg, ya mwaka 1986, hutuma mfululizo bila kusubiri kila kipande kikubaliwe, na kwa anayeishi mbali ina faida kuliko ongezeko lolote la mwendo wa laini.

Jambo jingine dogo huwachanganya watu. Mgeni huhesabu muda kwa mizunguko ya prosesa yake ya maigizo, na umeme ukikatika mwenyeji huingia katika hali ya kubana betri. Emuleta ikishindwa kufikisha asilimia 100 ya kasi, modemu ya mgeni nayo hupungua mwendo kwa kiwango hichohicho. Kiasi cha kasi huonekana chini ya dirisha la VICE, na ni vizuri kukiangalia kabla ya kumlaumu mnara wa simu.

Mshono wa pili uko kwenye kadi ya mtandao. Hapa emuleta huigiza kadi yenyewe pamoja na chipu yake, na mgeni hulazimika kuwa na programu zake za TCP/IP, ambazo ndizo kanuni zinazokata data katika pakiti, kuzipa anwani na kuzipanga zikifika. Inashangaza kwamba Commodore 64 inaliweza hilo. Adam Dunkels wa Sweden aliandika uIP, TCP/IP ndogo inayotoshea katika mashine za biti 8, na mwaka 2003 akatoa Contiki, mfumo mdogo ambao kwenye Commodore 64 huendesha kivinjari cha wavuti na hata seva. Kadi inayotumika ni RR-Net, yenye chipu ya CS8900A, na VICE huiigiza chipu hiyo rejista kwa rejista.

Ugumu haumo katika chipu. Kadi ya maigizo ina anwani yake ya kifaa, tofauti na ya kadi halisi ya mwenyeji, na njia ya kawaida ni kutumia maktaba ya pcap, ambayo humpa mgeni ruhusa ya kutuma fremu zake, yaani vifungu vya data vya ngazi ya kadi, moja kwa moja kwenye waya kana kwamba kuna kompyuta ya pili mezani. Penye waya na swichi hilo hufanya kazi. Penye waifai hukwama, maana kituo cha waifai, na simu yenye hotspoti ni kituo cha namna hiyo, hupokea fremu za kifaa kilichojiandikisha tu, na anwani ya pili inayotokea katika redio ileile huachwa bila jibu. Mtumiaji huona kila kitu kimewekwa sawasawa, Contiki ikiomba anwani na kuendelea kuomba, na maelekezo aliyonayo hayasemi neno. Ni rahisi mtu kuacha hapa, akidhani kosa ni lake.

Kwa mwenye Linux kuna njia ya kuzunguka. Huundwa kadi bandia iitwayo tap0 kwa amri ya ip tuntap add dev tap0 mode tap, hupewa anwani kama 192.168.64.1, na mgeni hupewa 192.168.64.2 na kuelekezwa kuiona ile ya kwanza kuwa mlango wake wa kutokea. Kisha mwenyeji huamriwa kupitisha pakiti kutoka tap0 kwenda kwenye waifai huku akizibadilishia anwani ya mtumaji ziwe zake. Simu humwona mwenyeji peke yake na haina la kulalamikia. Kazi hii huhitaji ruhusa za msimamizi wa mfumo, ambazo mwanafunzi anayetumia mashine ya maabara ya chuo mara nyingi hana, na kwa hiyo njia hii, ijapokuwa inafundisha mengi kuhusu mitandao kuliko zote, inamfaa mwenye mashine yake.

Kwenye Amiga mshono huohuo una tiba nyepesi. Kadi inayoigizwa ni A2065, na nyuma yake emuleta huweka programu iitwayo Slirp. Asili ya Slirp ni ya kuvutia: Danny Gasparovski aliiandika mwaka 1995 kwa ajili ya watu waliopewa na watoa huduma akaunti ya maandishi tu, bila anwani ya intaneti, ili waweze kuipata intaneti nzima kupitia akaunti hiyo bila kumwomba mtu ruhusa. Ilipokelewa baadaye na emuleta nyingi kwa sababu hiyohiyo ya kutohitaji ruhusa. Slirp huzipokea pakiti za mgeni, huzifungua, na kwa kila muunganisho hufungua muunganisho wa kawaida wa mwenyeji kama ambavyo kivinjari chochote kingefanya. Waifai, hotspoti na mitambo ya kampuni ya simu haviwezi kutofautisha. Ndani ya mgeni anwani huwa zilezile: mgeni ni 10.0.2.15, mlango wa kutokea ni 10.0.2.2, na seva ya majina, yaani ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, ni 10.0.2.3. Zikiandikwa hizo katika programu ya TCP/IP ya Amiga, kama vile Roadshow ya Olaf Barthel, kazi imekwisha. Kuna mtego mmoja: amri ya ping, ambayo wengi huitumia kupima kama mtandao upo, kwa kawaida haivuki Slirp kwenda nje, kwa kuwa inatumia aina ya pakiti ambayo programu isiyo na ruhusa maalumu haiwezi kuituma. Kimya cha ping hapa hakimaanishi kitu. Kipimo sahihi ni kufungua muunganisho wa kweli.

Mshono wa tatu, wa juu kabisa, humpunguzia mgeni mzigo wote. Programu za Amiga huomba mawasiliano kupitia maktaba iitwayo bsdsocket.library, ambayo hutoa soketi, yaani ncha ya muunganisho ambayo programu huiandikia na kuisoma kama faili. FS-UAE huweza kuweka maktaba ya kuazima mahali pake: katika faili ya mipangilio huandikwa bsdsocket_library = 1, na kuanzia hapo kila soketi inayofunguliwa na Amiga ni soketi ya mwenyeji. Hakuna anwani ya kuandika, hakuna kadi, hakuna TCP/IP ya kusakinisha; kinachotakiwa ni kuhakikisha tu kwamba hakuna programu nyingine ya mtandao ndani ya Amiga inayoleta maktaba yenye jina hilohilo, la sivyo mbili hizo zitagombana. Kwa mtu anayetaka kutumia mtandao, na hana haja ya kuuchungulia ndani, hakuna sababu nzuri ya kuchagua njia nyingine, na kwa aliye kwenye hotspoti ndiyo yenye mambo machache ya kuharibika. Hasara yake ni kwamba inaficha kila kitu, na anayeanzia hapo hatajua kwa nini zile nyingine zipo.

Mshono wowote utakaochaguliwa, mgeni akishatoka hukutana na mtandao uliobadilika. Tovuti nyingi leo hukataa kuzungumza bila usimbaji fiche wa TLS, ambao hufunga mazungumzo ili asiyehusika asiyasome, na hesabu zake ni nzito kwa prosesa ya megahezi 1. Amiga yenye prosesa ya 68020 na kuendelea ina AmiSSL, inayoendelea kusasishwa, nayo husaidia kiasi. Commodore 64 huhitaji wakala, yaani seva ya katikati inayokutana na tovuti kwa usimbaji fiche na kumpa mgeni maandishi matupu. FrogFind ni mfano wa huduma inayovua kurasa picha na mapambo yake na kuacha maneno. Ukurasa wa kawaida wa leo wenye megabaiti 2 ungechukua zaidi ya saa mbili kufika kwa herufi 240 kwa sekunde, kwa hiyo kuvuliwa huko si anasa. Gopher, mfumo wa menyu na maandishi uliotoka Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, ungali na seva zake na unamfaa mgeni wa aina hii kuliko wavuti. Kwa vile sehemu kubwa ya mawasiliano haya hupita yakiwa wazi, nywila inayowekwa kwenye seva hizo isifanane hata kidogo na namba ya siri ya pesa za simu.

Limebaki suala la kupokea. Tcpser ilianzishwa ikisikiliza kwenye poti 6400, na Ulaya mwenye mashine angefungua poti hiyo kwenye ruta yake, akawapa marafiki anwani, nao wangempigia. Nyuma ya mitambo ya kampuni ya simu hilo haliwezekani kwa njia ya moja kwa moja, kwani anwani inayoonekana nje ni ya wateja wengi na hakuna wa kuifungua kwa niaba ya mmoja. Anayetaka kupigiwa kutoka mbali hukodi seva ndogo yenye anwani yake ya hadharani na kuchimba njia kutoka kwake hadi huko. Lakini kompyuta mbili zilizo kwenye hotspoti moja hazihitaji hayo yote. Katika simu nyingi za Android za zamani zote mbili hupata anwani zinazoanza na 192.168.43, na tcpser ina daftari la namba: ikiongezewa -n 100=192.168.43.57:6400, mwanafunzi aliye upande huu wa meza huandika ATDT100, na kwenye skrini ya mwenzake hutokea neno RING. Yule hujibu kwa ATA, mashine zote mbili huandika CONNECT, na kinachopigwa huku husomeka kule. Data hizo huishia kwenye redio ya simu bila kupanda mnarani, kwa hiyo hazikatwi kwenye bando, na zoezi huweza kuendelea hata vocha ikiwa imekwisha. Baadhi ya simu huzuia vifaa vya hotspoti moja visionane. Hapo ruta ya waifai ya bei nafuu, hata isiyo na intaneti, hufanya kazi hiyo. Kukata simu ni kuandika alama +++ huku kukiwa na sekunde moja ya kutogusa kibodi kabla na baada yake, kusubiri OK, kisha ATH.